Njia ya botini huanzia Akeri

Likizo ya Juni ikikaribia, familia nyingi za Meru huanza kuhesabu nauli ya Unguja. Mpango huwa ni ule ule: gari litoke alfajiri, literemke hadi Usa River, lishike lami ya Moshi, lisisimame ila kwa mafuta, chakula na kuchimba dawa, mpaka Dar es Salaam. Kesho yake boti. Mambo ya historia watoto watayaona Mji Mkongwe.

Mpango huo unawapunja watoto. Historia watakayosimuliwa Unguja ilipita kwao, tena kwa kishindo, na kipande chake cha kwanza kiko huko huko mlimani kabla gari halijagusa lami. Mtoto wa Nkoaranga anayepelekwa kuona mahali palipokuwa soko la watumwa bila kwanza kuonyeshwa Akeri amefunguliwa kitabu katikati.

Akeri ni jirani tu. Hapo, Oktoba 1896, waliuawa usiku wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa wamefika kuomba mahali pa kujenga misheni, lakini Kapteni Kurt Johannes naye alikuwa amepiga kambi karibu na askari wake. Kwa wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliokuwa wakiwatazama, mgeni mwenye Biblia na mgeni mwenye bunduki walikuwa wamekuja pamoja. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikubwa mno kuliko kosa: watu wengi waliuawa, migomba ikafyekwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Misheni ya Nkoaranga ilianzishwa 1902, miaka sita tu baada ya hapo. Kanisa na hospitali tunazojivunia leo zimesimama juu ya habari hiyo, na sioni sababu ya kuwaficha watoto upande mmoja wa habari.

Kabla ya kugeukia Moshi, rudi kidogo upande wa Arusha hadi Tengeru. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Nenda na watoto taratibu. Kuna safu za makaburi meupe, majina yanayoushinda ulimi, misalaba ya Kikatoliki na ya Kiothodoksi, na nyota ya Daudi pia. Stalin aliwahamishia watu hawa Siberia na Asia ya Kati mwaka 1940. Walipoachiwa walishukia Iran, wakapakiwa melini, na kuanzia 1942 wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakawekwa Tengeru. Waache watoto wasome miaka ya kuzaliwa na kufa iliyochorwa kwenye mawe, wajionee wenyewe nani alikuwa rika lao. Watu hao walitoka baharini kuja mlimani, na nyinyi mnatoka mlimani kwenda baharini.

Kituo ambacho siwezi kukiacha ni Old Moshi. Hapo Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, wote 19. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaijua habari hiyo vizuri. Kinachosahaulika kwetu ni kwamba miongoni mwa walionyongwa walikuwamo viongozi wa Wameru na Waarusha. Mti unaotajwa kuwa ndio walionyongewa ungali pale. Kwa miaka mingi jamaa za Meli wametafuta fuvu lake, wakiamini lilichukuliwa Ujerumani. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai Tanzania, likiwamo linaloaminika kuwa la Akida, mshauri wa Meli. Kwa hiyo mkisimama chini ya mti ule hamzungumzii mambo yaliyokwisha. Kuna watu wa mlima huu ambao bado wanasubiri kuzika.

Kupanda Old Moshi na kurudi barabarani kunakula muda. Toa muda huo. Ukibanwa, punguza mahali pengine.

Baada ya Himo, ukiukunja mlima kushika njia ya Same, mwendo unaweza kuongezeka bila hasara kubwa. Wasimulie garini. Reli inayoandamana nanyi ilianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na kuingia Moshi karibu miaka kumi baadaye. Mwaka 1945 wanaume wa Kipare kwa maelfu walishuka milimani kuja Same kupinga kodi ya mbiru, wakakaa hapo wakigoma kurudi makwao. Kisha, kuanzia Mombo kwenda Korogwe na Segera, mashamba ya mkonge. Mbegu yake ya kwanza ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Kati ya miche kama 1,000 aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa karibu na Pangani. Miche hiyo ndiyo iliyowavuta maelfu ya vibarua kutoka bara kuja pwani, na kizazi baada ya kizazi wakabaki. Lala Mombo au Korogwe. Giza la barabara hii, pamoja na malori yake, si la kushindana nalo ukiwa na watoto.

Siku ya pili, ukifika Msata usiendelee Chalinze. Kata kushoto. Ni kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo, na nyumba za kulala wageni zipo za kila bei. Ipe Bagamoyo mchana mzima. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi kwa miguu, pembe za ndovu mabegani na watumwa minyororoni. Hapa palikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, mwili wa David Livingstone ulifikishwa Februari 1874, umebebwa na wapagazi wakiongozwa na Chuma na Susi kutoka katikati ya bara. Waambie watoto majina ya hao wawili kabla ya jina la marehemu.

Kaole iko kilomita chache kusini mwa mji. Msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13, na pembeni yake kuna makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Ukiinua macho utaona kwenye nguzo vishimo vya mviringo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za Kichina. Mtoto akivitia macho vishimo hivyo anaelewa, bila hotuba, kwamba pwani hii ilifanya biashara na dunia karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika.

Sasa kuhusu saa, maana boti haimngoji mtu. Kutoka Nkoaranga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na karibu kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi. Hata bila kusimama popote, siku nzima inaisha. Anayejaribu kubana vituo vyote hivi katika siku moja ataviona dirishani. Mpango wangu ni siku mbili barabarani, usiku wa pili ukilala Bagamoyo, na asubuhi ya tatu kuteremka Dar es Salaam mapema kabla foleni ya Tegeta na Mwenge haijakaza. Tiketi kata ya boti ya mchana, si ya alfajiri. Bahari yenyewe huvukwa kwa saa mbili hivi. Vitambulisho viwe mkononi, si chini ya mabegi.

Kuna watakaolalamika kwamba usiku wa ziada ni gharama. Ni kweli. Basi punguza siku moja ya Nungwi. Ufukwe wa Nungwi utakuwapo mwakani. Lakini wazee wa Akeri na Nkoaranga waliosimuliwa na babu zao mambo ya 1896 na 1900 wanapungua kila mwaka. Kabla hujakata tiketi, wapeleke watoto wakakae na mmoja wao jioni moja, wamsikilize, waandike.