ZIWA MOJA, NCHI NNE, CHUNGU KIMOJA

Mtu aliyepata kusimama usiku juu ya kilima cha Kigoma, au cha Rumonge, au cha Kalemie, azijua taa za wavuvi. Usiku usio na mwezi Ziwa Tanganyika hung'aa kwa taa, hata mgeni adhani kuna mji katikati ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Dagaa hufuata mwanga na kukusanyika chini yake, na wavuvi walio katika mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa boriti huunyanyua wavu kutoka chini.

Tarehe 15 Mei 2024 taa hizo zilizimwa upande wa Tanzania. Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kwa muda wa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Wako walioshukuru, na wako walionung'unika. Wote walikuwa na sababu. Leo twataka kuzieleza sababu za pande zote mbili, kwa maana jambo hili ni chakula cha watoto wetu, wa leo na wa kesho.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Kina chake chafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake lililo na kina zaidi. Mto Malagarasi waingia kutoka Tanzania, mto Ruzizi waingia kutoka kaskazini, na mito mingine mingi midogo yashuka milimani. Lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Lukuga, karibu na Kalemie, uendao kuungana na maji ya mto Kongo.

Nchi nne zashika ziwa hili. Tukiligawa katika sehemu 100, Kongo ina kama sehemu 45, Tanzania 41, Burundi 8, na Zambia 6. Lakini samaki hajui mpaka. Dagaa wa Kigoma ndiye ndagala wa Burundi, na ndiye kapenta wa Zambia. Mgebuka wetu ndiye mukeke wao wa Bujumbura. Leo yuko kwetu, kesho yuko kwao. Basi, ziwa hili ni kama chungu kimoja mekoni, na nyumba nne zachota humo humo.

KWA NINI SAMAKI WALIPUNGUA?

Mtu akiuliza swali hili, wengi hujibu upesi: “Wavuvi ni waharibifu.” Jibu hilo ni nusu tu ya kweli. Sababu ni tatu, na yafaa tuzijue zote.

Ya kwanza, mikono imekuwa mingi. Mwaka 1995 wavuvi wa ziwa lote walihesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Mwaka 2011 walihesabiwa tena, wakakaribia 95,000. Si ajabu. Mtu akikosa shamba, au akikimbia vita, au akikosa kazi mjini, ziwa halimwulizi hati. Humpokea tu. Tena wako wavutao kokoro ufukoni, na wako washonao vyandarua kuwa nyavu. Hao huzoa hata watoto wa samaki, kwa kuwa samaki wengi hulelewa katika maji haba ya kando. Mkulima alaye mbegu zake hana haki ya kushangaa msimu wa mavuno.

Ya pili, maji yamepata joto. Jambo hili si rahisi kuliona kwa macho, basi tulieleze. Katika ziwa hili maji ya juu ni ya moto kidogo na ni mepesi. Ya chini ni baridi na mazito. Huko chini sana hakuna hewa, wala samaki haishi. Lakini huko ndiko iliko mbolea ya ziwa, kwa sababu kila kitu kinachokufa huzama na kuoza chini. Kila mwaka, toka Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda pamoja na mbolea yake. Mbolea hiyo huotesha vimelea vidogo vya kijani, vidudu vya maji hula vimelea hivyo, dagaa hula vidudu, na mgebuka hula dagaa. Sasa, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto, maji ya juu yanazidi kuwa mepesi, na upepo hauna tena nguvu ya kuyachanganya vema. Mbolea yabaki chini. Tangu mwaka 2003 wataalamu wameandika habari hizo wazi. Basi, kosa hili si la mvuvi wa Kigoma wala wa Uvira. Joto hilo limeletwa zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali.

Ya tatu ni udongo. Milima iliyo juu ya ziwa ikikatwa miti, mvua hubeba udongo mpaka majini. Udongo huo hufunika mawe ya kando, na katika mawe hayo huishi na kuzaa samaki wa aina nyingi. Zaidi ya aina 200 za samaki wa ziwa hili hazipatikani mahali pengine popote duniani.

MAPATANO YA NCHI NNE

Nyumba nne zikichota chungu kimoja bila kusemezana, mwenye upawa mkubwa hushiba, na aliye mpole hulala njaa. Hata ukiwa na nia njema ya kuacha kidogo, jirani ataichota akiba yako. Kwa hiyo hakuna nchi moja iwezayo kulilinda ziwa hili peke yake.

Nchi nne zililiona jambo hilo. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, zilitia sahihi mapatano ya kulitunza Ziwa Tanganyika pamoja. Baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ili iwe kama baraza la nyumba nne. Mwishoni mwa mwaka 2021 mawaziri wakakubaliana juu ya kanuni za uvuvi, na mojawapo ni hiyo ya kulipumzisha ziwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei.

JE, MIEZI MITATU YATOSHA?

Kwa dagaa yaweza kusaidia sana. Maisha ya dagaa ni mafupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, naye huzaa upesi. Akipata nafasi huongezeka upesi. Lakini mgebuka huhitaji miaka kadhaa mpaka akomae. Kwake miezi mitatu ni pumzi tu. Tena, ikiwa siku ya kufungua kila chombo kitatoka na nyavu zile zile za macho madogo, akiba ya miezi mitatu italiwa katika majuma machache. Kwa hiyo kufunga peke yake ni dawa nusu. Nusu ya pili ni nyavu halali, kuacha kokoro, na kuhesabu vyombo. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

NYUMBANI KWA MVUVI

Sasa tuingie nyumbani. Tufikirie nyumba moja ya pwani ya ziwa, baba, mama na watoto watano. Baba hana chombo chake mwenyewe. Hufanya kazi katika chombo cha mwingine na kupata mgawo wa samaki. Mama huanika dagaa kichanjani na kuwauza kwa gunia. Jioni moja mama asema:

“Baba Yosefu, nasikia ziwa litafungwa. Tutakula nini?”

“Mama, mbona ziwa hutufunga kila mwezi? Wakati wa mbalamwezi hatutoki.”

“Mbalamwezi hutufunga kama siku 7, nami huweka unga wa siku 7. Hizi ni siku 90. Unga wa siku 90 nitauweka kwa fedha gani?”

Mama huyu hapingi ulinzi wa ziwa. Yeye mwenyewe ameona gunia linavyochelewa kujaa. Swali lake ni la hesabu, na mpango wo wote usiojibu hesabu yake hautashikwa. Mtu mwenye njaa hutoka usiku bila taa, akanunua wavu wa magendo, akakimbizana na askari. Hapo sheria ipo, lakini ulinzi haupo.

Tena tuangalie ni nani abebaye mzigo. Mwenye vyombo vitano aweza kuwa na duka au nyumba ya kupanga. Kibarua wake hana. Mwenye kuanika dagaa hana. Hata mnunuzi wa Kasulu na Kibondo, mbali na maji, huona bei ya dagaa ikipanda, na kwa maskini dagaa ndiye nyama ya kila siku. Haifai basi waliopata kidogo wakati wa neema ndio wabebe kingi wakati wa kufunga.

MPANGO WA HAKI

Mpango mwema hufanya nini? Kwanza, hutangaza tarehe mapema, ili watu wapande mihogo na maharage kwa wakati, na vikundi vya akiba vianze kuweka miezi mingi kabla. Akiba haiozi. Pili, huwaita wavuvi na waanika dagaa barazani kabla ya kuamua, wala si baada yake. Ndiyo maana mialoni kuna vikundi vya usimamizi wa uvuvi. Vipewe nguvu ya kweli, visiwe vya kuitikia tu. Tatu, hutafuta kazi nyingine. Serikali ilihimiza ufugaji wa samaki katika vizimba. Ni jambo jema, lakini kizimba chataka fedha, vifaranga na chakula cha samaki. Kibarua hawezi peke yake, kikundi chaweza. Nne, sheria huwa moja kwa mkubwa na mdogo, na kwa nchi zote nne. Mvuvi akiona taa ya jirani yaendelea kuwaka ng'ambo ya mpaka, huyo hutamwambia neno akakusikia.

KAZI YAANZIA MILIMANI

Pengine msomaji wa kijiji cha juu asema, “Mimi ni mkulima, ziwa lanihusu nini?” Lamhusu sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, aliruka kwa ndege ndogo juu ya nchi ile. Akaona msitu wa hifadhi kama kisiwa kidogo, na kandokando yake milima mitupu iliyolimwa mpaka juu. Akatambua kwamba haiwezekani kuwatunza sokwe huku watu walio jirani wakikosa kuni, maji na ardhi. Mwaka 1994 ukaanza mradi uitwao TACARE. Haukuanza kwa makatazo. Ulianza kwa kuwauliza watu wa vijiji wanataka nini. Ukaja na vitalu vya miche, kilimo cha kuzuia mmomonyoko, mikopo midogo kwa akina mama na masomo kwa wasichana. Baadaye vijiji kadhaa vikapanga matumizi ya ardhi yake: hapa nyumba, hapa mashamba, hapa msitu wa kijiji usiokatwa. Katika sehemu nyingine miti imeota tena yenyewe kutoka visiki vya zamani, bila kupandwa, kwa sababu tu iliachwa.

Jambo hilo halihitaji kungoja mfadhili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji kazi ya kusimamia ardhi yake. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hapo pia pana swali la haki: katika mita hizo 60 wako watu wanaoanika dagaa, na wako wenye bustani za mboga. Ukiwaondoa bila kuwaonyesha mahali pengine, watarudi usiku. Ukikaa nao barazani na ramani mezani, mahali pengine pataonekana.

NENO LA MWISHO

Wasomaji wapenzi, wako wasemao, “Lindeni ziwa, watu watajua la kufanya.” Na wako wasemao, “Watu kwanza, ziwa litajilinda.” Wote wawili wakata tawi walilokalia. Ziwa lisilo na samaki halimlishi mtu, na mtu mwenye njaa halindi ziwa.

Kwa hiyo, mkutano wa kijiji ukiitwa, nenda. Usimtume mtoto, wala usiseme ni mambo ya wakubwa. Akina mama waende pia, kwa maana wao ndio wajuao unga wa siku 90 ni debe ngapi. Uliza tarehe. Uliza vibarua watakula nini. Uliza msitu wa mlimani umepimwa au bado. Na ukirudi nyumbani, chukua daftari, andika ulichopata msimu huu na ulichoweka. Chungu ni kimoja, na nyumba ni nne. Tuchote kwa zamu, na tuangalie kila nyumba ina kitu sahanini kabla ya kufunika.