Guatemala: Alishinda Agosti, nusura asiapishwe Januari

Iliki inayotiwa kwenye gahawa kule Saudi Arabia na nchi za Ghuba, sehemu yake kubwa haitoki India wala Tanga. Inatoka Guatemala, nchi ya watu wapatao milioni 17 iliyopakana na Mexico upande wa kusini, na ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza iliki nje. Naanza na iliki kwa sababu ukiitaja Guatemala hapa kwetu, wengi watakuuliza iko bara gani. Ila uchaguzi mkuu walioufanya mwaka 2023 una mafunzo kwa yeyote anayeamini kwamba kura ikishahesabiwa, kazi imekwisha.

Kwanza tuelewe utaratibu wao. Wanachagua siku moja rais na makamu wake, wabunge 160 na mameya wa miji yote. Rais hukaa miaka minne tu, mara moja, na harudi tena maisha yake yote. Akikosa nusu ya kura na moja juu, wawili wa mwanzo hurudi uwanjani kwa duru ya pili. Sisi nasi tunayo sheria hiyo ila hatujawahi kufika huko. Wao hufika karibu kila mara, kwa kuwa wagombea ni utitiri. Mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 20. Anayesimamia shughuli si tume kama yetu bali mahakama maalumu ya uchaguzi, yenye majaji wake.

Mchezo ulianza kabla ya kampeni. Thelma Cabrera, kiongozi wa wakulima wa jamii ya Maya aliyeshika nafasi ya nne mwaka 2019, alizuiwa kwa sababu ya cheti cha mgombea mwenza wake. Carlos Pineda, tajiri aliyekuwa akiongoza kura za maoni, akatolewa mwezi Mei kwa hitilafu za mkutano wa chama chake. Lakini Zury Ríos, binti wa jenerali Efraín Ríos Montt aliyetwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1982, aliruhusiwa, ingawa katiba inawakataza jamaa wa karibu wa waliopindua serikali. Sheria ile ile, kwa mmoja ni ukuta, kwa mwingine ni pazia.

Wananchi walijibu tarehe 25 Juni. Kura zilizoharibiwa, nyingi kwa makusudi, zilifika asilimia 17 hivi. Hakuna mgombea aliyezifikia. Sandra Torres, mke wa zamani wa rais wa zamani, alipata karibu asilimia 16. (Mama huyu alimtaliki mumewe akiwa madarakani mwaka 2011 ili aweze kugombea, na mahakama ikamkatalia vilevile.) Wa pili, kwa asilimia 12 hivi, akatokea mtu ambaye kura za maoni hazikumweka hata karibu: Bernardo Arévalo wa chama cha Semilla, neno la Kihispania lenye maana ya mbegu.

Kwa wazee wa Guatemala jina hilo si geni. Baba yake, Juan José Arévalo, alichaguliwa rais baada ya dikteta Ubico kung'olewa mwaka 1944, akaleta sheria za kazi na bima ya jamii. Aliyemfuata, Jacobo Árbenz, alithubutu kugawia wakulima ardhi iliyolala bila kulimwa, na sehemu yake ilikuwa ya kampuni ya ndizi ya Kimarekani, United Fruit. Mwaka 1954 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likapanga mapinduzi, Árbenz akaondoka. Ndiyo maana Bernardo alizaliwa ugenini, Montevideo, Uruguay, mwaka 1958. Baadaye ikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 36, hadi 1996, vilivyoua au kupoteza watu wapatao 200,000, wengi wao Wamaya. Kura za huko zimebeba uzito huo wote.

Sasa njoo kwenye kiini cha kisa. Duru ya pili ilipigwa tarehe 20 Agosti. Arévalo alipata zaidi ya kura milioni 2.4, Torres kama milioni 1.6. Hapakuwa na cha kubishaniwa, na waangalizi wa nje walithibitisha. Isipokuwa ofisi moja haikukubali: ile ya mwendesha mashtaka mkuu, Consuelo Porras. Tayari tarehe 12 Julai, siku ile ile matokeo ya duru ya kwanza yalipoidhinishwa, jaji mmoja alikuwa ameamuru Semilla kisimamishwe, kwa madai kwamba saini zilizokianzisha zilikuwa na za uongo, nyingine za marehemu. Sheria ya uchaguzi inakataza kukisimamisha chama katikati ya uchaguzi. Hilo halikuwazuia.

Wapelelezi walivamia ofisi za mahakama ya uchaguzi si mara moja. Walifungua masanduku ya kura. Mwisho wa Septemba wakazichukua fomu halisi za matokeo za vituo, zile ambazo kwetu ni sawa na fomu 34A, huku majaji wa uchaguzi wakijaribu kuzing'ang'ania mbele ya kamera. Novemba bunge likawavua kinga majaji wanne kati yao, wakaihama nchi. Tarehe 8 Desemba waendesha mashtaka wakatangaza kwamba uchaguzi wote unafaa kufutwa. Kila kitu kilifanywa kwa karatasi, muhuri na kibali cha jaji. Hakuna kifaru kilichoonekana barabarani. Kwa maoni yangu hapo ndipo hatari yenyewe ilipo: mapinduzi ya bunduki unayajua asubuhi yake, ya mafaili unayajua yamekwisha.

Walioyasimamisha si mawakili wa mjini. Tarehe 2 Oktoba viongozi wa kimila wa Totonicapán, wanaojulikana kama Cantones 48, waliziba barabara kuu. Hawa ni viongozi wa vijiji vya Wamaya wa kabila la K'iche', wanaochaguliwa na mabaraza ya wenyeji kuhudumu kwa mwaka mmoja bila mshahara, kazi yao hasa ikiwa kulinda misitu na vyanzo vya maji. Hawakuwa wa chama cha Arévalo, na wengi wao hawakumpigia debe. Walichodai ni kwamba kura iheshimiwe na Porras aondoke. Jamii nyingine zikajiunga, nchi ikasimama kwa wiki kadhaa. Barabara zilipofunguliwa, walibaki nje ya ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu usiku na mchana, zaidi ya siku 100, wakipokezana zamu kijiji baada ya kijiji.

Nje nako kulikuwa na msukumo. Marekani, ile ile ya 1954, safari hii ilifuta viza za Waguatemala karibu 300, wakiwemo wabunge zaidi ya 100. Katikati ya Desemba Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba wote waliochaguliwa lazima waapishwe.

Hata hivyo tarehe 14 Januari 2024 ilikuwa kizaazaa. Wageni wa nje, akiwemo Mfalme wa Uhispania, walingoja saa nyingi huku bunge linaloondoka likivuta muda kukagua vyeti vya wabunge wapya. Arévalo aliapa baada ya saa sita usiku, tayari ni tarehe 15. Mtangulizi wake, Alejandro Giammattei, hakutokea kumkabidhi. Kabla hakujapambazuka rais mpya alikwenda kuwashukuru wale waliolala nje siku zote hizo.

Jengo waliloliketia lilibaki na mwenyewe. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema mwendesha mashtaka mkuu haondolewi na rais mpaka kwanza ahukumiwe kwa kosa la jinai, na anayefungua mashtaka ya jinai Guatemala ni yeye mwenyewe. Muhula wa pili wa Porras ulianza Mei 2022, nao ni wa miaka minne. Semilla kilikuwa na wabunge 23 kati ya 160. Siku chache tu baada ya kiapo, mahakama ilibatilisha uchaguzi wa mbunge wao aliyekuwa amepewa uspika, kwa hoja kwamba chama chake bado kimesimamishwa.