Kweli au Si Kweli: Mesoni Nzito na Fizikia Mpya

"Chembe mpya hupatikana tu kwa kugonganisha chembe kwenye mashine yenye nguvu zaidi."

Si kweli. Mwaka 1970 Glashow, Iliopoulos na Maiani walikuna vichwa kwa nini kaoni isiyo na chaji, mesoni mojawapo (chembe ya kwaki na antikwaki), karibu haivunjiki kabisa kuwa myuoni mbili, ndugu wazito wa elektroni. Jawabu lao: lazima iwepo kwaki ya nne inayozuia jambo hilo. Kwaki hiyo, yaani c, ilionekana mwaka 1974. Mwaka 1987 jaribio la ARGUS kule Hamburg lilichunguza mesoni za B, likabashiri kwamba kwaki t ni nzito mno kuliko wengi walivyodhani. Fermilab ikaipata mwaka 1995. Chembe nzito haihitaji kuzalishwa ili ijulikane. Kanuni za kwanta zinairuhusu kuchangia kwa kitambo kidogo mno, na mchango huo hubadili idadi ya mesoni zinazovunjika kwa namna fulani.

"Tukio la nadra ni dalili kwamba nadharia imekosea."

La hasha. Modeli Sanifu yenyewe, yaani nadharia kuu ya chembe, inatabiri kwamba katika mesoni bilioni moja za Bs, tatu au nne hivi zitavunjika kuwa myuoni mbili. Utafutaji ulianza miaka ya 1980. Mwaka 2012 kikundi cha LHCb cha CERN kilitoa ushahidi wa kwanza, na mwaka 2015 kikaungana na kikundi kingine cha CERN, CMS, kutangaza ugunduzi kamili. Hesabu ilikubaliana na nadharia, jambo lililozibana sana nadharia nyingi za usimetria mkuu. Unadra una faida moja: mnong'ono hausikiki sokoni, na mchango mdogo wa chembe ngeni hauonekani penye matukio tele.

"Mwaka 2021 CERN ilithibitisha kwamba Modeli Sanifu imevunjika."

Si kweli, ingawa vichwa vya habari vilikaribia kusema hivyo. LHCb ilikuwa ikilinganisha mesoni ya B inayotoa kaoni na myuoni mbili na ile inayotoa kaoni na elektroni mbili. Nadharia inasema uwiano uwe 1. Wao walipata takriban 0.85, tofauti ya sigma 3.1 (kipimo cha jinsi bahati tupu isivyoelekea kuleta tofauti), ilhali desturi ya fani hii haikubali neno "ugunduzi" chini ya sigma 5.

Ugumu uko kwenye elektroni. Mesoni ya B huishi sekunde 1.5 hivi ukigawa kwa trilioni, husafiri kama sentimita moja, kisha huvunjika. Elektroni inayotoka humo hupoteza nishati kwa kutoa mwanga inapopita kwenye kigunduzi, hivyo kuitambua ni kazi. Desemba 2022 kikundi kilekile kilieleza kwamba chembe nyingine, pioni kwa mfano, zilikuwa zimehesabiwa kama elektroni. Elektroni bandia zikaongeza idadi upande mmoja, uwiano ukashuka. Zilipoondolewa, ukarudi karibu na 1. Wapo waliosema ni aibu; mimi naona ndiyo kazi waliyolipwa kuifanya.

"Basi hapo hakuna tena cha kutafuta."

Mapema mno kusema. Tangu 2013, pembe za chembe zitokanazo na B ikivunjika kuwa K* na myuoni mbili zinakataa kulingana na makadirio. Wapo wanaolaumu makadirio yenyewe, kwa sababu athari za kwaki c ni ngumu kuzipiga hesabu. Na mwaka 2023 jaribio la Belle II, kule Tsukuba, Japani, ilitoa ushahidi wa kwanza wa B inayotoa kaoni na nyutrino mbili. Nyutrino hutoroka bila kuacha alama, lakini Belle II hugonganisha elektroni na pozitroni zenye nishati inayojulikana, kwa hiyo kinachokosekana kinaweza kukadiriwa. Matukio yalizidi utabiri kwa sigma 2.7. Hiyo ni pungufu ya ile 3.1 ya 2021, kwa hiyo asiyetaka kuchekwa na asubiri data zaidi.