Vitabu vya Miji Yetu na Wanaovihitaji

Mji usioandikwa husemewa na wengine. Msomaji wa Kerenge, wilayani Korogwe, ana heri, kwani majirani zake wameandikwa.

Atakaye kuijua Vuga, makao ya watawala wa Washambaa, na ashike "Habari za Wakilindi" cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa tena mwaka 1962. Chawafaa wazee na walimu. Lakini wakisome kwa hadhari: mwandishi alimtumikia Semboja wa Mazinde, na sauti ya mtawala husikika humo kuliko ya mwenye jembe. Hata hivyo, hakuuficha uasi wa Wabondei.

Mfanyakazi wa reli au wa mkonge na asome "Kuli" cha Adam Shafi (1979), juu ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Ataona umoja unavyojengwa. Mkulima na achukue "Utubora Mkulima" cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga: habari za mtu aliyeuacha mji akashika jembe.

Habari za wakata mkonge wa Korogwe zingali vinywani mwa wazee. Matawi ya Chama na yaziandike sasa. Kaburi halihojiwi.