RUTA MBILI KATIKA NYUMBA MOJA: MAELEZO KWA WENYE NYUMBA, MADUKA NA NYUMBA ZA WAGENI

Wananchi wanaotumia, au wanaokusudia kutumia, ruta zaidi ya moja katika mtandao wa nyumbani wanaombwa kuyasoma maelezo yafuatayo kwa makini. Maelezo haya yanawahusu hasa wenye nyumba zenye banda la uani, wenye maduka yaliyoshikana na nyumba, na wenye nyumba za wageni katika Kilindoni, Utende, Kirongwe na kwingineko wilayani, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo.

Ruta ya pili hununuliwa kwa nia njema, ili chumba cha uani nacho kipate intaneti. Siku ya kwanza hali huwa nzuri. Baada ya siku chache simu ya mzee huonyesha kuwa imeunganishwa ilhali haifungui chochote. Mashine ya kuchapa iliyoko dukani haionekani tena. Na kijana aliyekuwa akijaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu hukatika kabla ya kuyatuma, na tarehe ya mwisho haimngoji. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, na kifurushi kingine hununuliwa bure. Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi kosa hilo limo ndani ya nyumba yenyewe, na hurekebishika bila gharama.

KAZI YA RUTA

Ruta hufanya kazi tatu. Kwanza, ni mlango baina ya vifaa vya nyumbani na intaneti ya nje. Pili, hukipa kila kifaa anwani yake ya namba, ili barua ya simu isiende kwa kompyuta. Tatu, hutoa mawimbi ya waifai ambayo vifaa hivyo huyapokea.

Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Kwa sababu hiyo yalitengwa mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani, likiwamo lile linaloanza na 192.168. Kila nyumba yaweza kuzitumia namba hizo bila kugongana na nyumba nyingine, kama ambavyo kila nyumba ya wageni yaweza kuwa na chumba namba 2. Linalokatazwa ni kuwa na vyumba viwili vyenye namba 2 ndani ya nyumba moja. Hapo ndipo matatizo ya ruta mbili yanapoanzia.

NAHODHA NI MMOJA

Wazee walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ruta mbili zilizotoka dukani kila moja imeandaliwa kuwa nahodha. Kila moja hugawa anwani, na mara nyingi zote mbili hujiita 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zikiunganishwa bila kurekebishwa, simu moja hupewa anwani na ruta hii, na nyingine na ruta ile. Simu iliyopewa anwani na ruta isiyokuwa na njia ya kutoka hubaki imeunganishwa bila kupata kitu.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: katika mtandao mmoja wa nyumbani ruta moja tu ndiyo igawe anwani. Ruta nyingine zote ziwe mabaharia. Kazi yake iwe kueneza mawimbi peke yake.

Aidha, ruta ya pili haiongezi kasi ya intaneti wala haiongezi kifurushi. Mwenye simtanki moja akifunga mabomba matano hapati maji zaidi, bali hupata mahali pengi pa kuyachotea. Anayeona intaneti ni nzito hata akiwa amesimama kando ya ruta ya kwanza asinunue ruta ya pili. Hiyo si dawa ya ugonjwa wake.

MAHALI PA KUWEKA RUTA

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba atembee na simu chumba hadi chumba na kuandika ni wapi mawimbi yanafifia. Ruta ya kwanza, ikiwa hutumia laini ya simu, iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara, mahali pa juu, mbali na jokofu na tangi la maji. Mabati hurudisha mawimbi, maji huyameza, na kuta nene za mawe ya matumbawe huyapunguza nguvu sana. Mara nyingine kuhamisha ruta kutoka kabatini hadi juu ya dirisha hutosha, na haja ya ruta ya pili huisha.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, ila huchoka upesi yanapokutana na ukuta. Kwa banda la uani, ya kwanza ndiyo ya kutegemewa.

NAMNA YA KUIANDAA RUTA YA PILI

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio wake. Zifanywe kabla ya kuiunganisha ruta ya pili na ya kwanza.

(a) Unganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake, kwa waya, kupitia moja ya matundu yaliyoandikwa LAN. Fungua ukurasa wake wa mipangilio kwa anwani na neno la siri vilivyoandikwa chini ya ruta.

(b) Badilisha neno la siri la ukurasa huo. Kisha weka jina la waifai na neno lake la siri. Ukitaka simu zihame zenyewe mtu anapotoka sebuleni kwenda uani, jina na neno la siri viwe sawasawa na vya ruta ya kwanza.

(c) Chagua chaneli. Katika mawimbi ya gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ikiwa ruta ya kwanza iko kwenye chaneli 1, ya pili iwe kwenye 6 au 11.

(d) Badilisha anwani ya ruta yenyewe. Ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.1.2. Hakikisha namba hiyo haimo katika zile ambazo ruta ya kwanza huvigawia vifaa vingine. Hifadhi, kisha ingia tena kwa anwani hiyo mpya.

(e) Zima huduma ya kugawa anwani, ambayo katika ukurasa wa mipangilio huandikwa DHCP. Hatua hii iwe ya mwisho, kwa kuwa baada yake kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo peke yake haitapewa anwani tena.

(f) Sasa toa waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu lililoandikwa WAN la ruta ya pili libaki tupu.

Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo moja la kuzifanya ziwe kituo cha waifai tu, nalo hutekeleza hatua ya (e), na wakati mwingine ya (d) pia, kwa pamoja. Mwenye ruta ya namna hiyo alitumie, na afuate karatasi ya maelezo kuhusu tundu la kuchomeka waya.

Waya wa mtandao usizidi mita 100. Unaopita nje uwe wa aina iliyotengenezwa kwa jua na mvua, wala usipitishwe pamoja na waya wa umeme katika bomba moja. Pale ambapo waya hauwezekani, kipo kifaa cha kupokea na kurusha tena mawimbi ya waifai. Lakini kifaa kinachopokea na kurusha kwa mawimbi yale yale hupunguza kasi kwa takribani nusu, kwa kuwa hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kiwekwe katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya ruta ya kwanza bado yana nguvu. Kikiwekwa kule yalikokwisha, hakitakuwa na cha kurusha.

MITANDAO MIWILI INAPOTAKIWA

Zipo hali ambazo kutenganisha ni bora kuliko kuunganisha. Mwenye nyumba ya wageni hapaswi kuwaweka wageni katika mtandao mmoja na kompyuta ya hesabu za duka. Ikiwa ruta ina chaguo la mtandao wa wageni, litumike. Nalo huwapa wageni intaneti bila kuwaonyesha vifaa vya wenyeji.

Pasipo chaguo hilo, ruta ya pili yaweza kuunganishwa kwa tundu lake la WAN na kuachwa igawe anwani zake yenyewe, mradi fungu lake liwe tofauti, mathalani 192.168.2 badala ya 192.168.1. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Mpangilio huo huwazuia walio nje kuviona vifaa vilivyo nyuma ya ruta ya pili, lakini hauwazuii walio nyuma yake kuvifikia vilivyo mbele. Kwa hiyo vifaa vya wenyeji ndivyo viwe nyuma ya ruta ya pili, na wageni wawe kwenye ya kwanza. Wengi hufanya kinyume, wakaacha mlango wazi pasipo kujua.

Wapo pia wenye laini mbili za kampuni mbili tofauti, ili moja ikisumbua watumie nyingine. Ruta za laini hizo zisiunganishwe kwa waya hivi hivi. Ama ziachwe mbalimbali, kila moja na jina lake la waifai, ama inunuliwe ruta yenye uwezo wa kupokea njia mbili na kuchagua iliyo hai.

USALAMA NA WAJIBU WA MWENYE LAINI

Vyote vinavyopita katika mtandao wa nyumbani hutoka nje kwa laini moja, na laini hiyo imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu, pamoja na mengine, kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila ruhusa na kusambaza taarifa za uongo. Mwenye laini anayegawa neno la siri kwa kila apitaye ajue kwamba, tendo baya likifanywa kwa laini yake, yeye ndiye atakayetakiwa kwanza kutoa maelezo. Kwa hiyo:

(i) Waifai ilindwe kwa mfumo wa WPA2 au WPA3. Mfumo wa zamani wa WEP ulikwisha kuvunjwa miaka mingi iliyopita na haufai.

(ii) Neno la siri liwe refu, wala lisiwe jina la mtoto au namba ya simu. Libadilishwe mpangaji anapohama.

(iii) Orodha ya vifaa vilivyounganishwa itazamwe mara kwa mara. Kifaa kisichojulikana kiondolewe, na neno la siri libadilishwe.

(iv) Ruta inunuliwe ikiwa ya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

UMEME, RADI NA CHUMVI

Hewa ya bahari hula shaba. Vichwa vya waya vikaguliwe kila baada ya miezi michache, na vilivyoota kutu ya kijani vikatwe na kufungwa vipya. Wakati wa masika, ngurumo zinaposikika, ruta zote mbili zichomolewe katika umeme, na waya unaounganisha nyumba na banda uchomolewe pia, kwa kuwa radi huweza kupita humo ikaunguza vifaa vya pande zote mbili. Umeme unaporudi baada ya kukatika, ni busara kungoja dakika chache kabla ya kuwasha. Ruta ya kwanza iwashwe mbele, na ya pili ifuate.

TATIZO LINAPOTOKEA

Anayekosa intaneti asibofye kitufe cha kurejesha ruta katika hali ya kiwandani, maana akifanya hivyo kwa ruta ya pili ataifanya nahodha tena, na mpangilio wote utavurugika. Atafute kwa utaratibu huu: je, kifurushi kimekwisha? Je, kifaa kilichounganishwa kwa waya na ruta ya kwanza kinapata intaneti? Kikipata, ruta ya kwanza na laini ni nzima. Atazame waya uendao uani, kisha ruta ya pili. Kisipopata, mara nyingi ruta ya pili haina kosa, na aanze kwa laini.

Mwisho, kila mwenye nyumba anashauriwa kuchora mtandao wake katika karatasi moja: ruta ziko wapi, anwani zake, chaneli zake, na ni ipi inayogawa anwani. Maneno ya siri yaandikwe mahali pengine palipo salama. Fundi hufa, hohehahe au tajiri huhama, na kijana aliyeupanga mtandao huenda masomoni Dar es Salaam. Karatasi hubaki, na atakayeishika ataweza kurudisha intaneti siku inapohitajika.