Je, Wajua? Majani Yanayooza Hupumua, na Pumzi Yake Hupimika

Je, wajua kwamba majani makavu yaliyolala chini ya mbuyu kule Mkonze, Dodoma, huweza kupita kiangazi kizima yakioza kidogo mno? Mvua ya uwanda huu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Ikikatika, bakteria na kuvu wanaoozesha majani hukosa maji: wengi hufa, waliosalia hulala. Mchwa ni habari nyingine, wao hawangoji mvua.

Je, wajua kwamba mvua ya kwanza huwaamsha bakteria na kuvu hao kwa kishindo? Mwaka 1958, H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, jirani na Nairobi, alichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa udongo mkavu ukilowa hutoa kaboni dioksidi nyingi, yaani pumzi ya viumbe hao, kwa mkupuo, kisha kasi hushuka. Ukikauka na kulowa tena, mkupuo hurudi. Pamoja na gesi hiyo huachiwa nitrojeni, chakula cha mimea, ndiyo maana mbegu inayowahi mvua za mwanzo hunufaika. Wanasayansi duniani kote huliita jambo hili kwa jina la Birch, na mimi naona fahari kwamba lilichunguzwa katika udongo wa Afrika Mashariki.

Je, wajua gesi hii isiyoonekana hupimwaje? Kwa asidi na besi! Twaa chupa mbili zenye vifuniko vinavyokaza. Ya kwanza tia majani yaliyoloweshwa, ya pili usitie kitu. Ndani ya kila moja simamisha kikombe cha maji ya kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kwa kipimo kilekile unachokijua. Kaboni dioksidi ina tabia ya asidi, kwa hiyo kostiki huinasa. Baada ya siku kadhaa ongeza bariamu kloridi. Gesi iliyonaswa hutuama kama unga mweupe. Dondoshea finofthalini, maji yawe ya waridi, kisha teremsha asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka uwaridi upotee. Asidi iliyotumika hukuambia kostiki iliyobaki ni kiasi gani.

Ile chupa tupu usiidharau. Ndiyo inayoonesha gesi iliyokuwamo hewani tangu awali, na bila hiyo hesabu yote ni ya kukisia. Tuseme asidi yako ina moli 1 kwa lita, chupa tupu imekula mililita 20, yenye majani 15. Kila mililita ya tofauti ni miligramu 22 za kaboni dioksidi. Basi majani yamepumua miligramu 110.

Walimu wa kemia wa Dodoma, lijaribuni hili na wanafunzi wenu msimu wa mvua ukifunguka. Vaeni glavu na miwani: kostiki huunguza ngozi, na bariamu kloridi ni sumu.