Chetezo: jina la zamani la chombo cha ubani linalosahaulika

KASOMENO – Siku ya sikukuu kubwa, katika parokia nyingi za Haut-Katanga, kijana wa altare hutangulia mbele ya mapadri akiwa ameshika chombo cha chuma kinachoning'inia kwa minyororo. Ndani ya chombo kuna makala ya moto. Juu ya makala padri huweka ubani kidogo, na moshi unapanda mpaka kwenye mabati.

Ukimuuliza kijana huyo jina la chombo anachoshika, mara nyingi atalitoa katika Kifaransa: ansanswari. Mwingine atasema tu "chombo cha ubani". Na mwingine, kwa kuona makala yanavyowaka ndani, anaweza kukiita mbabula kadogo.

Lakini Kiswahili kina jina la chombo hicho, tena la zamani sana. Kinaitwa chetezo. Kikiwa kimoja ni chetezo, vikiwa vingi ni vyetezo. Neno hilo limo katika Biblia, limo katika kamusi, ila katika mazungumzo ya watu wa Kasomeno, Kasenga au Lubumbashi halisikiki sana.

Ubani una jina la mgeni, chombo hakina

Maneno mengi yanayotembea pamoja na chetezo yalitoka katika Kiarabu. Ubani ni luban ya Waarabu. Udi, ule mti wenye harufu nzuri unaochomwa vipande vipande, ni ud. Buhuri ni bakhur. Hilo halishangazi, kwa sababu vitu vyenyewe vilifika Afrika ya Mashariki kwa njia ya bahari. Ubani bora ni utomvu wa miti inayoota Dhofar, kusini mwa Oman, na katika inchi ya Somalia. Mtu hukwaruza ganda la mti, utomvu hutoka kama machozi, hukauka, halafu huokotwa. Biashara hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka 2000, na mwaka 2000 shirika la UNESCO liliandika maeneo ya ubani ya Dhofar katika orodha ya urithi wa dunia.

Chetezo lina sura nyingine. Waarabu huita chombo hicho mabkhara au mijmar, lakini majina hayo hayakulisukuma chetezo nje ya lugha. Neno lenyewe linafuata sheria ya chakula na vyakula, chombo na vyombo, cheo na vyeo. Ni ile ki- na vi- ya Kibantu, inayogeuka ch- na vy- inapokutana na vokali. Hata mwisho wake wa -o ni ule wa vitu vinavyotumika kufanya kazi fulani: kifuniko ni cha kufunikia, kizibo ni cha kuzibia.

Maana yake ni kwamba watu wa pwani walipokea ubani pamoja na jina lake la kigeni, lakini chombo cha kuuchomea walikiita kwa namna ya lugha yao wenyewe. Na chombo hicho kilikuwa kazi ya mikono yao, kwa sababu chetezo cha pwani mara nyingi ni cha udongo: bakuli dogo lenye mguu, linalofinyangwa na kuchomwa kama chungu.

Kazi ya chetezo nyumbani

Kule Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro, chetezo si chombo cha mahali pa ibada tu. Ni chombo cha nyumba. Mwanamke hutia makala, hunyunyiza udi, halafu hutandaza nguo juu ya moshi ili zishike harufu. Bibi-arusi hufukizwa mwili, nywele na mavazi. Wageni wakifika, chumba hufukizwa kwanza. Wakati wa maulidi na wakati wa msiba, ubani huwaka pia. Waganga nao wana vyetezo vyao, kwa kuwa wengi huamini kwamba pepo wana harufu wanazozipenda na nyingine wanazozikimbia.

Kazi hiyo yote ina kitenzi kimoja: kufukiza. Hapa Katanga kitenzi hicho hakijapotea. Mama anayemfunika mtoto mwenye mafua kwa blanketi, juu ya sufuria ya majani ya kalitusi, anamfukiza. Kwa hiyo kitendo bado kina jina lake. Kilichopoteza jina ni chombo.

Kutoka pwani mpaka Luapula

Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili kilifika Katanga pamoja na migodi na mji wa Elisabethville, uliojengwa kuanzia mwaka 1910. Migodi ilikipa nguvu kweli, lakini njia ya kwanza ilikuwa ya misafara. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, upande wa mashariki wa Luapula, mwezi wa Novemba 1867, alimkuta huko mfanyabiashara aliyetoka upande wa pwani, Mohamad bin Saleh. Huko Bunkeya, Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, alifanya biashara na watu wa pwani mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Na upande wa Maniema, Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vikubwa vya misafara hiyo hiyo.

Misafara ilileta vitambaa, shanga na bunduki, ikachukua pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Historia hiyo ina machungu mengi. Lakini ndiyo iliyofungua njia ya maneno pia, na barabara ya leo inayopita Kasomeno kuelekea Kasenga inakwenda kwenye mto ule ule ambako Kiswahili kilisikika kabla ya Lubumbashi kuwapo.

Baadaye wamisionari walifuata. Mapadri Weupe walishika kituo cha Mpala, kandokando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Kirungu mwaka 1893. Walifundisha dini kwa Kiswahili. Huko ndiko Stefano Kaoze alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu. Ila misa yenyewe ilibaki katika Kilatini mpaka miaka ya 1960, Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliporuhusu lugha za watu mwaka 1963. Kwa miaka hiyo yote, mapadri waliowafundisha vijana kazi ya altare walikuwa watu wa Kifaransa. Wimbo na sala zikaingia katika Kiswahili, lakini chombo cha ubani kikabaki na jina la sakristia.

Vyetezo vya shaba

Mahali ambapo neno limesimama imara ni katika Biblia. Tafsiri ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inatumia chetezo na vyetezo mara nyingi. Wana wa Haruni, Nadabu na Abihu, wanabeba vyetezo vyao katika kitabu cha Walawi. Katika Ufunuo, sura ya 8, malaika anasimama mbele ya madhabahu akiwa na chetezo cha dhahabu, na moshi unapanda pamoja na maombi ya watakatifu.

Lakini habari inayopaswa kumgusa mtu wa Katanga iko katika Hesabu, sura ya 16. Watu 250 walioungana na Kora kumpinga Musa walikuja kila mmoja na chetezo chake. Moto ukawaangamiza, lakini vyetezo vyao havikutupwa. Vilikuwa vya shaba. Viliokotwa, vikafuliwa kuwa mabamba, vikafunika madhabahu ili viwe ukumbusho kwa watu wote.

Shaba ni madini ambayo jimbo hili liliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1971 mpaka 1997. Msomaji wa hapa anajua shaba ni nini, anajua namna inavyofuliwa. Asipojua chetezo ni nini, habari nzima inampita: anaona shaba, anaona moto, haoni watu hao walikuwa wameshika nini mikononi.

Ubani wa msitu wetu

Tena, moshi huo si wa ng'ambo peke yake. Kuna mti mkubwa ambao watu wengi wa mashariki mwa Kongo na wa ng'ambo ya Luapula huuita mpafu au mupafu. Wataalamu huuita Canarium schweinfurthii. Matunda yake meusi hulainishwa kwa maji ya moto na kuliwa. Ganda lake likikatwa, hutoa utomvu mzito unaokauka na kuwa mweupe, wenye harufu kali. Utomvu huo huwaka vizuri juu ya makala, na katika inchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, makanisa yameutumia badala ya ubani unaonunuliwa.

Mbabula yupo, makala yapo, utomvu upo, na kitenzi kufukiza bado kiko hai. Ni neno moja tu linalokosekana katikati yao.

Kulirudisha hakuhitaji semina wala kitabu kipya. Kila mwaka vijana wapya wa altare hufundishwa kazi yao: huyu atabeba msalaba, hawa watabeba mishumaa, yule atachunga makala yasizimike. Katekista anayempa kijana ile minyororo kwa mara ya kwanza anaweza kumwambia, kwa sentensi moja, "Shika chetezo, usikizungushe karibu na watu." Kijana atakumbuka kwa sababu ya moto. Na siku Ufunuo utakaposomwa kanisani, atajua kwamba malaika alishika kitu kile kile alichoshika yeye.